Nyuzi Zilizolegezwa kwa Makusudi: Somo kwa Wapiga Gitaa wa Kwaya



Hivi karibuni, mazoezi ya kwaya yalipokwisha, kijana mmoja alinifuata akiwa na gitaa kavu la zamani, rangi imebanduka, kamba yake ya kuvalia ni kipande cha mpira wa baiskeli. Akaniambia, "Shikamoo Mwalimu. Hili ni gitaa la marehemu babu. Limeharibika sauti, naomba unipangie nyuzi ili nipige Jumapili."

Nikaitikia marahaba, nikalipokea. Nikapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote sita kwa mara moja, bila kubonyeza popote kwa mkono wa kushoto. Likaitika sauti iliyojaa, kama kwaya ya watu wanne inayoshika sauti kabla ya kuanza wimbo. Sikugusa kifunguo hata kimoja. Niliomba penseli na karatasi.

Ili mfahamu kwa nini niliomba penseli, yanipasa kwanza kusimulia kosa nililolifanya mwaka 1984.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikapangiwa shule ya msingi moja huku pwani ya Ziwa Nyasa. Chuoni nilikuwa nimejifunza gitaa kidogo, kodi sita au saba, nami nilijiona bingwa. Siku moja tulikuwa na sikukuu, watoto walitakiwa kuimba, na mzee mmoja mvuvi alikubali kuja na gitaa lake. Alipoliegemeza ukutani ili anawe mikono, mimi nililichukua, nikalipiga kodi ya kwanza niliyoijua, likatoa kelele tupu. Mbele ya watoto nikasema, "Gitaa la babu limelegea!" Wakacheka. Nikaanza kukaza, uzi mmoja baada ya mwingine, kama nilivyofundishwa. Uzi wa kwanza ulikubali. Uzi wa tano ulikubali. Uzi wa sita, uliokuwa waya wa breki ya baiskeli, ulikatika.

Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sembuse uzi wa gitaa. Mzee hakunigombeza. Alilishika gitaa, akalijaribu kidogo, akanirudishia, akasema, "Sasa limekuwa gitaa lako, Mwalimu." Siku ile hakupiga. Mwaka uliofuata nilihamishiwa huku juu Mbinga, na sikumwona tena.

Ilipita miaka mingi kabla sijaelewa kwamba gitaa lile halikuwa limelegea hata kidogo. Lilikuwa limepangwa kwa mpango mwingine. Basi somo la leo ni juu ya mipango hiyo mingine, nami nitaieleza kwa sol-fa, maana kila mwanakwaya wa parokia yetu anaijua sol-fa hata kama hajawahi kushika gitaa.

Tuanze na mpango wa kawaida, ambao vijana husema "kutyuni". Uzi mwembamba kuliko wote huitwa wa kwanza, na mnene kuliko wote wa sita. Kwa herufi, kuanzia mnene kwenda mwembamba, nyuzi zetu ni E, A, D, G, B, E. Sasa tufanye sauti ya uzi wa tatu, yaani G, iwe do yetu. Ziimbe zote kwa zamu, ukianzia na mnene, nawe utapata: la, re, so, do, mi, la. Rudia mpaka masikio yazoee.

Umeona kitu? Nyuzi tatu za katikati, wa nne, wa tatu na wa pili, tayari zinaimba so, do, mi. Hiyo ni kodi kamili. Ni nyuzi tatu za pembeni tu zinazoiharibu: la, re na la. Na kila mmoja wa hao watatu umezidi kwa sauti moja tu. La ikishuka sauti moja inakuwa so. Re ikishuka sauti moja inakuwa do. Kwa hiyo ukilegeza uzi wa kwanza, wa tano na wa sita, kila mmoja kwa sauti moja, gitaa zima linaimba so, do, so, do, mi, so. Huo ndio mpango ambao wapigaji wa nchi nyingi huuita mpango wazi wa G, kwa sababu kodi inatoka wazi bila kubonyeza.

Namna ya kufanya ni hii, wala huhitaji filimbi wala kinanda. Uache uzi wa nne ulivyo. Huo ndio mwalimu wako. Legeza uzi wa kwanza mpaka uimbe sauti ileile ya uzi wa nne, ila ya juu. Legeza uzi wa sita mpaka uimbe sauti ya uzi wa nne, ila ya chini. Kisha legeza uzi wa tano mpaka uwe sauti ya chini ya uzi wa tatu. Unapolegeza, pitiliza kidogo chini ya sauti unayoitaka, halafu panda nayo taratibu. Uzi ulioachwa ukiwa unalegezwa hupenda kushuka tena katikati ya wimbo na kukuaibisha.

Nafasi iliyo kati ya chuma na chuma shingoni nitaiita chumba. Ukilaza kidole kimoja kilichonyooka juu ya nyuzi zote katika chumba cha tano, unapata kodi ya fa. Katika chumba cha saba, kodi ya so. Katika chumba cha kumi na mbili umerudi do, ya juu. Mapambio mengi tunayoimba yanatosha kwa kodi hizo tatu. Mtoto wa darasa la nne mwenye vidole vifupi aweza kusindikiza wimbo siku ya kwanza anaposhika gitaa, jambo ambalo kwa mpango wa kawaida huchukua wiki kadhaa na machozi.

Sasa, mpango huu ulifikaje ziwani kwetu? Hapo hadithi ni ndefu na inavuka bahari. Visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, vilipata magitaa katika miaka ya 1830 kutoka kwa wachunga ng'ombe waliotoka Mexico. Wenyeji hawakushikilia mpango wa wageni. Walilegeza nyuzi mpaka zikaafikiana na nyimbo zao, na mtindo wao kwa lugha yao maana yake ni "kulegeza ufunguo". Mpango walioupenda sana ni huohuo wa so, do, so, do, mi, so. Mwishoni mwa karne ya 19 kijana wa huko aitwaye Joseph Kekuku ndiye anayesifiwa kuwa wa kwanza kueneza mtindo wa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kubonyeza kwa vidole. Katika maonyesho makubwa ya San Francisco mwaka 1915 muziki huo uliwapendeza Wamarekani mno, na sahani za santuri zikaupeleka duniani kote, Afrika ikiwemo.

Ng'ambo ya ziwa letu, Malawi, mtindo wa kutelezesha chupa juu ya nyuzi uliitwa hauyani. Ukilitamka neno hilo polepole utaisikia Hawaii ndani yake. Bingwa wake aliyejulikana sana alikuwa Daniel Kachamba, aliyezaliwa mwaka 1947 na kufariki mwaka 1987, mtu wa kijiji cha Singano karibu na Blantyre. Yeye na mdogo wake Donald, mpiga filimbi hodari, walirekodiwa na mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, kuanzia mwaka 1967, na baadaye wakapiga muziki wao mpaka Ulaya. Ni kanda ya Daniel Kachamba iliyonifumbua macho. Nilipoisikia mara ya kwanza nyumbani kwa rafiki, niliweka chini kikombe cha chai. Niliijua ile sauti. Ilikuwa ya gitaa lililoegemezwa ukutani mwaka 1984.

Nanyi mnajua jinsi watu wa ukanda huu walivyotembea. Babu zetu walitoka Liuli, Mbamba Bay na Lituhi, na hata huku milimani Umatengo, wakaenda mashamba ya mkonge Tanga, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine mpaka migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Ng'ambo ya ziwa watu walifanya vivyo hivyo. Waliorudi na mablanketi walirudi pia na magitaa, na pamoja na gitaa alikuja nalo mtu mpango aliofundishwa kambini na mwenzake. Hakuna kitabu walichosoma. Ulikuwa katika masikio yao tu.

Anayetaka kujaribu hauyani na achukue chupa ndogo ya kioo, nyembamba, au mgongo wa kisu butu. Usibonyeze, gusa nyuzi tu, juu kabisa ya chuma chenyewe, si katikati ya chumba kama tufanyavyo kwa kidole. Ukiwa nyuma ya chuma hata kidogo, sauti iko chini, na kwaya itakuangalia. Faida yake ni kwamba chupa haina ngazi. Yaweza kupita katikati ya sauti na sauti kama koo la mama anayeimba, jambo ambalo kidole kwenye chuma hakiwezi. Nitalirudia jambo hili mwishoni.

Upo mpango wa pili ambao ni rahisi kuliko wote, na huu nawashauri wapigaji wa kwaya waanze nao. Kwa nyimbo za D, legeza uzi wa sita peke yake kwa sauti moja, kutoka E hadi D. Kwa sol-fa ya D, nyuzi tatu za chini sasa ni do, so, do. Besi inakuwa nzito, inashikilia kanisa. Kumbuka tu kwamba sauti ya G uliyozoea kuipata chumba cha tatu cha uzi huo sasa iko chumba cha tano. Wengi hulisahau hilo na kulaumu gitaa.

Mpango wa tatu unatoka upande wa magharibi. Mnawakumbuka wapigaji wa Katanga, hasa Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga "Masanga" kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Huko Katanga wapigaji wengine walikuwa na desturi ya kupandisha uzi wa nne kutoka D hadi F na kuacha mingine ilivyo. Uzi wa nne na wa tatu zinakuwa jirani mno, fa na so katika C, na gumba linapata njia mpya za kutembea.

Lakini hapo nawaonya, nami naonya kama mtu aliyekata waya wa mzee. Kukaza si sawa na kulegeza. Ukishusha uzi kwa sauti moja, nguvu inayouvuta inapungua kama moja ya tano. Ukiupandisha sauti moja, inaongezeka zaidi ya robo. Ukiupandisha kutoka D hadi F, ambayo ni sauti moja na nusu, inaongezeka kwa asilimia 41. Uzi mchakavu hautavumilia, na daraja la gitaa la bei nafuu laweza kung'oka. Njia ya salama ni hii: shusha kwanza nyuzi zote kwa sauti moja, halafu uzi wa nne uwe umepanda nusu sauti tu kutoka D yake ya kawaida. Uhusiano wa nyuzi ni uleule, nyimbo zinashuka kidogo, na wamama wa sauti ya kwanza, ambao tunawanyanyasa kila Jumapili kwa kuanzisha juu mno, watakushukuru.

Ipo mipango mingine mingi, sitaimaliza. Mwingereza Davey Graham, mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya kusafiri Morocco, alishusha uzi wa kwanza, wa pili na wa sita kwa sauti moja kila mmoja, akapata D, A, D, G, A, D, ili gitaa lake lisogelee udi, ule tuusikiao katika taarabu ya Unguja. Kwa sol-fa ya D ni do, so, do, fa, so, do. Tazama kwamba mi haimo, na kwa hiyo gitaa halina furaha wala huzuni mpaka wewe uamue. Na Keith Richards, mpigaji maarufu wa Uingereza, hutumia ule mpango wazi wa G lakini huutoa kabisa uzi wa sita na kubaki na nyuzi tano. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Sisi tulipiga nyuzi tano miaka mingi kwa kukosa wa sita, na tuliona haya!

Mtaniuliza, je, kwaya yetu ihamie mpango wazi? Mimi nasema hapana, si kwa ibada nzima. Mpango wa kawaida umeenea duniani kwa sababu unakuwezesha kuhama kutoka ufunguo mmoja kwenda mwingine bila kusimama. Mpango wazi ni nyumba nzuri yenye mlango mmoja: ndani ya G unatawala, lakini wimbo ukidai kodi za huzuni utahangaika sana. Ukitaka kupanda kutoka G hadi A, funga penseli chumba cha pili kwa ukanda wa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, uukaze vizuri. Kibanio hicho hakigharimu kitu. Lakini parokia yenye magitaa mawili na ipange moja kawaida na lingine wazi, kisha wasikilize wimbo mmoja wanaoujua yakipigwa pamoja. Na atakayeshuka na gitaa kutoka baridi ya Mbinga hadi joto la ziwani aliache lipumzike nusu saa kabla ya kulipanga. Mbao na nyuzi nazo huchoka na safari.

Sasa turudi kwenye penseli. Mipango ya wazee wetu wa ziwa haijaandikwa, na wenyewe wanaondoka. Gitaa la mzee likifika mikononi mwa kijana, jambo la kwanza alifanyalo ni kuchukua simu yenye programu ya kupangia nyuzi na kuzikaza mpaka taa iwe ya kijani. Kwa dakika tano mpango wa miaka sitini umekwisha. Simu haikosei, inafanya alichoagizwa. Nami mwaka 1984 nilifanya vivyo hivyo bila simu.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kugusa kifunguo cha gitaa lolote la zamani, fanyeni hivi. Lipigeni wazi na kulisikiliza. Tafuteni uzi unaosikika kama nyumbani, muuite do. Andikeni sol-fa ya nyuzi zote kuanzia mnene, mkipiga mstari chini ya zile za sauti ya chini. Kama mwenyewe yu hai, mwombeni kwa heshima apige wimbo mmoja, mwangalie vidole, muulize alifundishwa na nani na wapi, nanyi mkaandike jibu hata kama ni "kambini tu". Kisha, ikibidi, ndipo mkaze.

Gitaa la yule kijana tuliliandika mimi na yeye juu ya karatasi ya nyimbo za Jumapili. So, do, so, do, ulikuwa mpango uleule, umeshuka nusu sauti nzima. Wa kwanza ulikuwa so. Lakini uzi wa pili ulinisumbua. Haukuwa mi. Ulikuwa chini kidogo ya mi, lakini haukushuka kiasi cha kuwa sauti ya huzuni. Kijana akasema, "Huo umelegea, Mwalimu," na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kifunguo.

Nikamwambia tuende kwanza kwa bibi yake. Tulimkuta anaanika dagaa. Baada ya salamu nikamwomba atuimbie wimbo mmoja ambao marehemu alipenda kuupiga. Alikataa, akacheka, akasema sauti imekwisha. Kisha akauimba, beti mbili, bila kuacha kazi yake. Nami nilikuwa nimeketi na gitaa mapajani, nikiugusa ule uzi wa pili polepole kila wimbo ulipoifikia mi.

Mi ya bibi nayo ilikuwa chini kidogo, papo hapo ulipokuwa uzi.

Tukaandika: "mi, chini kidogo." Kijana akaondoa mkono kwenye kifunguo.